Simfoni nzima kwa watu watatu, Shanty Town Moshi

Tangu niposti ile video fupi ya tamasha la Jumamosi meseji zimekuwa nyingi na karibu zote zinauliza kitu kimoja, simfoni si ni ya okestra, lile kundi kubwa la watu wa makoti meusi, sasa hawa watatu wanapigaje simfoni? Rafiki yangu mmoja, tena mtu wa kwaya kabisa, akaandika "hiyo si ni pilau bila nyama". Nilimjibu kifupi kwenye simu ila jibu fupi halitoshi, hili jambo liko moyoni kwangu muda mrefu, kwa hiyo leo naandika yote, mwenye chai yake akae nayo karibu.

Kwanza ilivyokuwa. Ukumbi wa kanisa upande wa Shanty Town, viti vya plastiki, madirisha wazi, piano ya zamani ya mbao ambayo fundi alikuja kuityuni tangu asubuhi na bado nota mbili tatu za juu kabisa zilikuwa hazijatulia. Mpiga piano ni dada wa hapa hapa mjini anayefundisha watoto, vayolini na chelo ni wageni waliokuja kufundisha kwa muda. Watu tulijaza kama nusu ya ukumbi, wanakwaya, wanafunzi, madaktari kadhaa wa hospitali ya KCMC, wazungu wachache, na nyuma kabisa wazee wa matarumbeta wa usharika wamekaa safu moja na koti zao. Ratiba ilikuwa na vitu viwili tu. Simfoni ya pili ya Beethoven, mtunzi wa Kijerumani aliyeishi Vienna, iliyopangwa kwa piano, vayolini na chelo, halafu mapumziko ya soda na maandazi, halafu trio ya pili ya Mendelssohn (trio ni kazi ya vyombo vitatu), ile ya C maina.

Sasa swali lenyewe. Hiyo simfoni ya pili ilivyoandikwa kwa okestra ina filimbi mbili, oboe mbili, klarineti mbili, basuni mbili, honi mbili, tarumbeta mbili, ngoma za timpani, na juu ya hapo kundi zima la vyombo vya nyuzi. Ilipigwa mara ya kwanza Vienna tarehe 5 Aprili 1803, na usiku huo huo wakapiga simfoni ya kwanza, koncheto ya tatu ya piano (piano ikiongoza na okestra) na oratorio yake, kazi ya waimbaji na okestra, ya Kristo kwenye Mlima wa Mizeituni, vyote vya mtu mmoja. Haya, kama hukuwepo usiku ule, au unaishi mji mwingine mbali huko, utaisikia wapi tena hiyo simfoni? Redio hakuna. Santuri hakuna, Edison alikuja kuleta fonografu mwaka 1877, zaidi ya miaka 70 baadaye. Okestra ikishapiga watu wakarudi makwao basi, muziki umeisha hewani, na huenda usiusikie tena maisha yako yote.

Kilichofanyika ni kwamba simfoni ziliingia sebuleni. Familia ina piano, binti anapiga, baba ana chelo, jirani ana vayolini, wananunua nota zilizopangwa kwa vyombo walivyo navyo na jioni wanakaa wanaipiga wenyewe, wakikosea wanarudia, mpaka wanaijua ndani nje. Huko London Salomon, yule aliyemleta mtunzi Haydn Uingereza, alizipanga simfoni 12 za Haydn za London kwa kikundi kidogo. Hummel, mpiga piano na mtunzi, akafanya hivyo kwa simfoni za Mozart na Beethoven, kwa piano, filimbi, vayolini na chelo. Liszt, mpiga piano mwingine maarufu, yeye akachukua simfoni zote 9 za Beethoven akaziweka kwenye piano moja, vidole kumi. Watu wengi kabisa wa karne ya 19 walizijua simfoni kwa njia hii, okestra yenyewe wengine walikuja kuisikia baadaye sana au hawakuisikia kabisa. Kwa hiyo anayesema trio ni simfoni iliyopungua mi namwambia hapana, hiyo ndo njia ambayo simfoni ilitembea mpaka ikafika kwa watu.

Na Beethoven hakuwa mtu wa kuchukulia haya mambo kirahisi. Mwaka 1802 alitoa tangazo gazetini Vienna kulalamika kwamba kuna watu wamechukua kazi zake wakazipangia vyombo vitano na kuziuza watu wakidhani kazi hizo zimeandikwa hivyo toka mwanzo. Mwaka huo huo kwenye barua kwa wachapishaji wake wa Leipzig alisema kwa ukali kwamba huu ugonjwa wa kuhamisha muziki wa piano kwenda kwenye nyuzi uishe, kwamba ni sonata moja tu ya piano aliyokubali kuigeuza kuwa ya vyombo vinne vya nyuzi na hiyo kaigeuza mwenyewe kwa mkono wake, maana sehemu nyingine lazima uzitoe na nyingine uziongeze na anayejua kipi kitoke ni mtunzi mwenyewe au mtu mwenye uwezo huo huo. Huyo ndo mtu tunayemzungumzia. Halafu miaka michache tu baada ya lile onesho la 1803 ikatoka Vienna simfoni hii ya pili ikiwa trio, na kwenye jalada kumeandikwa kwa Kifaransa kwamba imepangwa na mtunzi mwenyewe. Mtu mkali namna ile hakuruhusu maneno hayo yakae pale bila kuridhika na kilicho ndani.

Kuna jambo lingine kuhusu simfoni hii ambalo nilimsimulia mdogo wangu kabla haijaanza na naona lilimsaidia kusikiliza. Sehemu kubwa Beethoven aliifanyia kazi mwaka 1802 akiwa Heiligenstadt, kijiji nje ya Vienna wakati ule, daktari alimshauri akapumzike huko kwa ajili ya masikio yake. Hapo ndo alipoandika tarehe 6 Oktoba 1802 ile barua kwa ndugu zake ambayo hakuituma, ilikutwa kwenye makaratasi yake baada ya kifo chake. Ndani yake anasema jinsi ilivyokuwa aibu kwake mtu aliyesimama pembeni anasikia filimbi kwa mbali na yeye hasikii kitu, mtu anamsikia mchungaji wa kondoo akiimba na yeye bado hasikii kitu. Anasema alikaribia kuyamaliza maisha yake, sanaa ndiyo iliyomzuia. Umri wake miaka 31. Sasa chukua hiyo barua weka pembeni, afu sikiliza simfoni ya kipindi hicho hicho, aisee, hakuna hata sehemu moja inayojililia. D meja, mwanga mtupu, mwisho wake unaruka ruka na kutikisika mpaka watoto waliokaa mbele walicheka kwa sauti, na walikuwa sahihi, ni muziki wa furaha ule.

Nirudi ukumbini. Utangulizi ulianza polepole na mzito, na dakika za kwanza ni kweli sikio linatafuta vitu ambavyo havipo, unaingoja ngoma unasikia mkono wa kushoto wa piano unatetemeka chini kule, unazingoja tarumbeta unapata vidole vya yule dada vimejaa kwenye akodi, nota kadhaa kwa pamoja. Ila ikishaingia ile sehemu ya haraka kitu kinabadilika. Okestra inapopiga wewe mbele yako kuna ukuta wa sauti na uzuri wake ni huo. Hapa ukuta umeondolewa unaziona nguzo. Unasikia kabisa wazo linaanzia kwenye vayolini, linakatwa nusu, nusu nyingine inaokotwa na chelo, piano inalipinga chini kwa nota zisizotaka kukubali, na wote watatu wanafika kwenye mlango mmoja kwa wakati mmoja. Nimeisikiliza simfoni hii kwenye simu mara nyingi tu na spika nzuri pia, na kuna sauti za katikati, zile ambazo kwenye okestra zinabebwa na viola na basuni, sikuwahi kuzisikia mpaka Jumamosi.

Halafu ikaja sehemu ya pili, Larghetto. Kama hujawahi kusikiliza kitu chochote cha Beethoven anzia hapo. Ni A meja, taratibu, wimbo unaoimbika kabisa, kwenye okestra nyuzi zinauanza na klarineti na basuni zinaurudia kwa rangi nyingine, na huko kujibizana kwenye trio kunabaki ila kunakuwa kama watu watatu wa nyumba moja wanaoongea baada ya chakula, hakuna anayepandisha sauti maana hakuna anayehitaji. Mvua ilianza katikati hapo. Mnajua bati na mvua za Moshi, ikishuka kweli hata mchungaji na maiki yake anasubiri. Wale watatu hawakusimama na hawakuongeza nguvu, walisogeana tu, mpiga chelo akavuta kiti karibu na piano, na sisi wa nyuma tukahama mbele wenyewe bila kuambiwa, tukabeba viti vyetu tukazunguka piano pale. Okestra huwezi kuizunguka namna hiyo. Sehemu iliyobaki ya simfoni tuliisikiliza tukiwa hatua tatu kutoka kwenye vyombo, unasikia nywele za upinde zinavyoshika uzi, unasikia mpiga vayolini anavuta pumzi kabla hajaanza mstari, na kwenye ile sehemu ya mwisho nilikuwa naona kabisa wanavyotazamana machoni kujua nani anaingia. Muziki huu ukiwa trio ulipangwa usikilizwe kwa ukaribu huo, chumbani, sio kwenye kumbi za watu elfu.

Sasa wewe rafiki yangu wa pilau nisikilize hapa, maana wewe unalijua hili kuliko mimi. Mwalimu wetu wa kwaya anafanya nini kila wiki? Anapanga sauti. Amepata wimbo ulioandikwa kwa kwaya kubwa ya huko mbali, anaangalia alionao, sauti ya kwanza wako wengi, sauti ya tatu wako wawili na mmoja anafanya kazi zamu ya usiku, besi wako wazuri, basi anakaa na karatasi lake la do re mi anagawa upya, huyu apewe hii, ile ya juu ishuke, hapa besi washike wimbo. Hakuna mtu kanisani ambaye amewahi kusimama akasema huo sio wimbo kamili. Na wazee wa matarumbeta je? Wanapiga tenzi za kitabu chetu cha Mwimbieni Bwana ambazo nyingi ziliandikwa ziimbwe, wamezigawa kwenye shaba kwa sauti nne, wanazipiga msibani, harusini nyuma ya pikapu, asubuhi ya Pasaka kabla jua halijatoka, na sote tunalia na kufurahi nazo. Sisi watu wa Kilimanjaro tumelelewa na muziki uliopangwa upya. Kwa hiyo tunapoambiwa tusubiri mpaka siku okestra kamili itakapofika Moshi ndo tuujue muziki wa Beethoven mi sikubali kabisa, hiyo siku inaweza isifike, na muziki uko tayari kwa watu watatu, nota zipo, vyombo vipo vichache lakini vipo, na pale Usa River chuo cha Makumira kinatoa shahada ya muziki, mwendo wa daladala tu kutoka hapa.

Baada ya maandazi akaja Mendelssohn. Huyu hakupangwa upya na mtu, trio yake ameiandika hivyo hivyo mwaka 1845, miaka miwili kabla hajafa akiwa na miaka 38. Watu wengi wanadhani hawamjui Mendelssohn ila kila mtu Moshi anamjua. Ule wimbo wa maharusi wanapotoka kanisani ni wake, aliuandika kwa ajili ya tamthilia ya Shakespeare. Ule wa Krismasi wa malaika wanaotangaza kuzaliwa kwa mfalme, tuni yake inatoka kwenye kazi yake ya 1840 ya kusherehekea uchapaji wa Gutenberg, Mwingereza mmoja akaja kuiunganisha na maneno ya Charles Wesley mwaka 1855 wakati Mendelssohn ameshafariki. Na hiyo nayo ni kupanga upya, sema tu tumeshazoea.

Trio hiyo inaanza na moto chini kwa chini, piano inazunguka zunguka kwenye nota za chini na nyuzi zinapanda juu yake, na muda wote una wasiwasi kwamba kuna kitu kinakuja. Sehemu ya pili ni tulivu, tamu, sina mengi ya kusema. Ya tatu ni skerzo, muziki wa mchezo mchezo, ina mbio za ajabu kwa sauti ndogo sana, vidole vya yule dada sijui alivifundishaje kwenda kasi ile bila kupiga kelele, watu walipiga makofi katikati kabla haijaisha kazi nzima na wapigaji wakacheka wakaitikia kwa kichwa. Ni sehemu ya nne ndo nataka niseme.

Inaanza na chelo inaruka juu kwa nguvu, mchezo wa kukimbizana unaendelea, hasira na shauku pamoja, afu ghafla katikati ya yote hayo kinatokea kitu ambacho hakuna mtu alikuwa anakitegemea. Koroli. Yaani tenzi, akodi kwa akodi, taratibu, mstari wa kwanza, kimya kidogo na kipande cha ile mbio ya mwanzo kinachungulia, mstari wa pili, hivo hivo. Kama umekulia KKKT, kanisa letu la Kilutheri, huhitaji mtu akuambie hicho ni nini. Nikageuka kuangalia nyuma na wale wazee wa matarumbeta wote walikuwa wamenyanyua vichwa, na mmoja, yule anayepiga besi, vidole vyake vya mkono wa kulia vilikuwa vinabonyeza valvu juu ya goti, anaifuata. Muziki ukarudi kwenye mbio, na mwishoni kabisa ile koroli ikarudi tena, safari hii kwa nguvu zote, C meja, piano imejaa juu mpaka chini na nyuzi zinawaka, na machozi yalinitoka, nayasema wazi.

Tulipotoka nje nikamsalimia yule mzee wa besi, shikamoo mzee, marahaba mwanangu, na bila kungoja akaniuliza ule wimbo wa mwisho wameutoa kitabu gani maana yeye anaujua na haujui. Nikamweleza. Wataalamu wanaisikia humo tuni ya zamani ya zaburi kutoka Geneva ya mwaka 1551, ambayo Walutheri wa Ujerumani waliiimba kwa maneno ya kumsifu Mungu na makanisa mengi duniani wanaitumia mpaka leo, na wengine wanasikia wimbo wa Krismasi wa Luther wa 1524. Mendelssohn hakuichukua tuni yoyote nzima nzima, ameanza na mwendo wa tenzi inayojulikana kisha akaendelea na yake, ndo maana mzee aliujua na hakuujua. Mendelssohn alizaliwa familia ya Kiyahudi Hamburg mwaka 1809, akabatizwa mtoto, na akiwa na miaka 20 tu ndiye aliyeurudisha ule muziki mkubwa wa Bach wa mateso ya Yesu kwa Mathayo mbele ya watu pale Berlin ulipokuwa umesahaulika. Hizi koroli zilikuwa damuni mwake.

Halafu nikamwambia kitu ambacho mimi mwenyewe kinanipa msisimko kila nikikifikiria. Mendelssohn aliiongoza okestra ya Gewandhaus ya Leipzig kuanzia 1835, akaanzisha chuo cha muziki hapo 1843, akafia mji huo huo mwezi Novemba 1847. Mwaka uliofuata, 1848, ile misheni ya Kilutheri iliyokuwa Dresden ikahamia Leipzig. Na ni hao hao wa Leipzig waliofika Kilimanjaro mwaka 1893, Machame, wakiwa na vitabu vyao vya tenzi. Yaani koroli iliyomfanya huyu mzee abonyeze valvu kwenye goti lake na ile iliyomfundisha babu yake kuimba sauti ya nne zote zimepitia mji mmoja. Mzee akanyamaza kidogo afu akasema, "Basi ni yetu." Mi naamini hivyo pia, na ndo sababu sipendi kuitwa mtu anayeshabikia vitu vya wazungu kila nikitaja Beethoven.

Mzee hakuishia hapo. Alitaka nota. Nikampeleka kwa yule dada wa piano akamwambia zote zipo bure mtandaoni kwenye maktaba ya IMSLP, hakimiliki ilishaisha zamani, trio ya Mendelssohn na ile simfoni pia, mtu unapakua na kuchapisha tu. Wakakubaliana na wazee wenzake kwamba ile koroli ya mwisho itolewe peke yake ipangwe kwa matarumbeta ya usharika, na kwa kuwa ni mimi niliyekuwa nimesimama pale nikikoleza maneno kazi wamenipa mimi. Wamenipa na masharti. C meja hawataki, wanasema midomo ya wanaopiga sauti ya kwanza itachoka kabla ya mstari wa mwisho, kwa hiyo tunashusha mpaka B flati ambayo tarumbeta zao zinaipenda. Mzee anataka besi yake iwe ile ile ya piano bila kuguswa. Sauti ya kwanza na ya pili nimeshazimaliza, inayonipa kazi ni ya tatu, Mendelssohn alikuwa na vidole kumi vya kujaza katikati na mimi nina vijana wawili, na mmoja wao ndo kwanza anajifunza kusoma nota.